Mita Tano za Mto Tana

Leo nimehamisha kijiji kizima bure. Kijiji, na mbuzi wake, na nyanya yangu juu ya kitanda. Nina hasira, wenzangu wa bweni, kwa hiyo someni mkiwa mmefunga midomo.

Radi zilinguruma usiku kucha upande wa Hola. Na sisi huku chini ya Garsen, tangu maji yale makubwa yatubebee nyumba, mtu akimwaga ndoo tu watu wanafunga virago. Mwenye wasiwasi kuliko wote ni baba mdogo Komora. Shamba lake liko ukingoni kabisa, mahindi yamebakiza kidogo kukomaa. Yale ya mwaka ule mto uliyala yote.

"Wewe si msomi?" akaniambia asubuhi. "Shuka ukasome ile nguzo. Maji yakifika futi kumi na tano, tunahama."

Nguzo ya kupimia maji iko pale tunapofungia mitumbwi. Ina namba, basi. Haisemi ni za nini. Maji yalikuwa yanailamba tano. Mtu mwingine angerudi akasema tano. Mimi nikafikiri! (Hapo ndipo nilipopotea.) Si mwalimu wa hesabu hutuambia siku hizi vitu vyote hupimwa kwa mita? Mita moja ni futi tatu pointi mbili nane. Mara tano: kumi na sita pointi nne. Nilipiga hesabu ile mchangani kwa kijiti, nikairudia. Sahihi kabisa! (Kwenye mtihani, kama mjuavyo, hazinijii hivyo.)

Nikapanda mbio. "Baba mdogo! Futi kumi na sita!"

"Una hakika? Si utani wako?"

"Na pointi nne!"

Ile pointi ndiyo iliyommaliza. Nani hutania kwa pointi? Akashika panga, akaingia shambani, akaanza kukata mahindi machanga, machozi yanamlenga. Spika ya msikiti ikatangaza. Magodoro yakatoka, kuku wakafungwa miguu, wanaume wanne wakambeba nyanya na kitanda chake.

"Niteremsheni, miguu ninayo! Mto wenyewe mbona siusikii?"

"Nyamaza mama, kijana amepiga hesabu!"

Tukakaa juu ya tuta la barabara, jua la utosi, tukingoja mafuriko. Hayakuja. Mbuzi wakaanza kutafuna magodoro. Mwishowe Mama Hawa, jirani yetu mwenye mdomo, akateremka kuangalia kama jiko lake limeelea. Akarudi na birika la chai.

"Hata moto wangu haujazimika!"

Basi kijiji kizima kikashuka hadi kwenye nguzo, mimi mbele, nimeshikwa ukosi.

"Ulisoma ngapi hapa?" akauliza baba mdogo.

"Tano. Lakini ni mita, kwa hiyo ukizidisha..."

"Ingia."

"Nguo zangu, baba mdogo..."

"Ingia kwenye mita zako tano!"

Nikaingia. Jamani, jana tu nilioga hapo hapo! Nikafika kwenye nguzo, nikasimama. Maji yakanifika mabegani. Nikakunja magoti kidogo ili yapande (ndiyo, nilifanya hivyo), wakaniona.

"Simama wima!"

Nikasimama wima. Mita tano za maji, na kichwa changu nje, kikavu.

"Alhamdulillahi," akasema Mama Hawa, "mtoto wetu amekuwa twiga!"

Ukingo wote ukaanguka kwa kicheko. Nyanya alicheka mpaka akarudishwa kitandani. Asiyecheka ni baba mdogo peke yake, hindi changa mkononi.

"Utayala yote," akaniambia polepole. "Na kila gunzi utaniambia lina pointi ngapi."

Sasa niambieni: ni nani hupaka namba kwenye nguzo asiandike kuwa ni futi? Rangi ilimwishia? Mkono ulimchoka? Yeye yuko kwake amekunja nne, mimi nimerudisha magodoro ya watu mpaka shingo imekataa kugeuka! Na watoto wa Mama Hawa wameshaanza kuniita Mita Tano.

Atakayelifikisha jina hilo bwenini, ajue tutapimana nguvu, na siku hiyo sitapiga hesabu.