Gunzi Kiunoni

Leo nimeaibishwa mbele ya wageni wa mahari, na nina hasira hata chai haishuki.

Mnajua kinu changu cha posho hapa Malava. Wezi wameng'oa mota mara mbili. Nikaenda mjini kuomba cheti cha bastola. Nikazungushwa safari nne! Mwishowe afisa akaniuliza, "Wewe mzee unalinda nini? Unga?" Nikanyimwa. Waheshimiwa wanapewa, mimi naambiwa unga!

Basi nikachukua gunzi la mahindi, nikalizungushia mpira wa baiskeli, nikalichomeka kiunoni chini ya koti. Sikumwambia mtu nina bastola. (Nilikuwa nakohoa tu nikishika kiuno.) Watu wakajisemea wenyewe. Wezi wakapotea. Na kila penye karamu, imondo, ile firigisi ya kuku anayopewa mtu wa heshima, ikawa inatua kwa sahani yangu.

Leo mchana tulikuwa kwa mdogo wangu, wageni wamekuja kumposa binti yake. Kuku akaletwa. Mdogo wangu, mdomo wake hauna breki, akatangaza:

"Imondo ni ya kaka! Huyu anatembeanga na bastola!"

Mjomba wa kijana anayeoa akarudisha tonge la obusuma, ugali wetu, kwa sahani.

"Mimi ni polisi. Cheti iko wapi?"

Nikakohoa. (Mazoea.)

"Mzee, kuficha silaha bila cheti ni jela. Cheti iko?"

Sasa mngefanya nini? Nikinyamaza, pingu. Nikisema ukweli, kinu kimebaki uchi. Nikafungua koti.

Akaufungua ule mpira polepole, mzunguko kwa mzunguko, akina mama wamejaa mlangoni. Gunzi likatumbukia kwa mchuzi.

"Hii inabebanga risasi ngapi?"

Weee! Aliyeangua kicheko kwanza ni nani? Mke wangu! Yeye anayekula kwa kinu hicho hicho! Na mdogo wangu, damu yangu kabisa, akaichota imondo kwa sahani yangu akampa polisi.

Kufikia sasa wezi wote wa Malava wamesikia. Leo nalala kinuni na panga, na hilo sijaliombea cheti.

Na nyinyi, atakayecheka asiniletee mahindi yake tena. Akasage na meno.