Jembe la Marehemu Wendelin

Jumanne, 8 Juni 1993. Mbinga mjini.

Kazi, hatimaye! Mama Bonifasia wa Mpepai kaleta picha ya mumewe, marehemu Wendelin. Maisha yake yote mzee alipigwa picha hiyo moja tu. Mama anataka nifute doa, iwekwe mbele Jumamosi kwenye misa ya kumbukumbu. Doa! Msanii mzima, nifute doa! Nimeitikia kwa adabu.

Jumatano, 9 Juni.

Doa limetoka. Mkono ukaniwasha. Nimemvalisha marehemu miwani myeusi ya jua. Pazia la studio nyuma yake nimelifunika kwa rangi, nikachora mlima wenye ngoro, yale mashimo ya shamba ya Wamatengo. Mkononi nikamtia jembe. Sanaa lazima ichokoze watu.

Protasi, mpiga picha wa jirani, kachungulia dirishani. Kasema kuchora juu ya picha ya mtu si sanaa, ni uharibifu. Wivu huo! Nikamuuliza kama hajasikia siku hizi kila kitu ruksa. Kaangalia jembe, kacheka peke yake, kaenda zake.

Jumamosi, 12 Juni.

Mpepai. Nilisubiri kelele za miwani. Hakuna aliyeitaja! Mzee Kilian, kaka wa marehemu, kaja juu kwa sababu ya jembe. Kumbe huku mwanaume hukata majani na kuyapanga. Kuchimba ngoro ni kazi ya mwanamke. Mimi Mnyasa wa Liuli, ningejuaje? Kwetu ni nyavu na mihogo. Kasema nimemdhalilisha ndugu yake mbele ya padri. Nikajibu nilikusudia. Uongo mtupu.

Mara Mama Bonifasia akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi. Akasema miaka ishirini alimwomba mzee amsaidie japo shimo moja, akakataa, leo ndiyo kakubali! Akina mama wakapiga vigelegele. Baadaye akanivuta pembeni: mwanangu Pankras, jembe libaki, miwani itoe. Ameanza kuyasahau macho ya mumewe, anataka ayaone.

Imeniuma. Miwani ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe!

Jumapili, 13 Juni.

Picha nimerudi nayo mjini, nimeisugua kwa mafuta ya taa. Miwani imetoka. Macho nayo yametoka. Mungu wangu! Nikakaa chini. Kisha nikachukua kioo, nikachora macho yangu.

Jumatatu, 14 Juni.

Mama kaja. Kaitazama picha muda mrefu. Kasema kwa upole kwamba haya si macho ya Wendelin. Kaifunga kwenye kanga, kaondoka bila kuaga. Nimeona haya, sifichi, mpaka saa sita hivi.

Halafu nikawaza: kila asubuhi kule Mpepai mama atatazamwa na macho yangu mimi! Protasi ana picha gani ya kufikia hapo? Ila nimesahau kutia sahihi. Kesho alfajiri nakwenda na brashi. Nikishafika, masharubu kidogo hayatamdhuru.