Nilivyojiandaa Kumpokea Ofisa wa Mahakama

Alhamisi, 4 Juni

Barua ya mahakama ya familia imefika! Ofisa atakuja Alhamisi ijayo kuona ninavyoishi. Tangu Aprili mosi sheria mpya hapa Japani inawaruhusu wazazi walioachana kumlea mtoto kwa pamoja: shule, matibabu makubwa, kuhama, wote wawili wakubaliane. Zamani alikuwa mmoja tu. Kwetu alikuwa Natsue, mke wangu wa zamani, miaka minne sasa. Mimi nikabaki baba wa Jumapili moja kwa mwezi. Ombi langu nililipeleka siku ile ile ya kwanza. Nilikuwa wa tatu mlangoni.

Natsue anapinga. Ameandika kwamba mimi si mtu mbaya, ila ukinituma chumvi, mboga itaiva, italiwa na vyombo vitaoshwa kabla sijarudi. Maneno hayo kwa fundi wa mitambo ya maji moto anayejulikana Toyama nzima!

Jumamosi, 6 Juni

Mpango: nyumba ionekane ya baba. Bi Iwakura, mjane wa ghorofa ya chini yangu, ameniazima kinanda na samaki wawili wa dhahabu. Alitaka kuniazima na madhabahu ya kumkumbukia marehemu mumewe. Nimekataa kwa adabu.

Nimenunua mto wa kulalia, bora kabisa. Na dawati. Dukani nikakutana na nani? Masanobu, kaka yake Natsue! Yule aliyemfundisha binti yetu Kozue baiskeli wakati mimi bado natafuta pampu. Akalizunguka dawati mara mbili.

"Shemeji, hilo la nani?"

La Kozue, nikamwambia.

"Kozue ana miaka kumi, bwana. Hapo magoti yatamgonga kidevu."

Nikamjibu kwamba kwetu watu hukua polepole.

Jumapili, 7 Juni

Zamu yangu. Mvua. Tumekula wali wa mchuzi wa bizari pale karibu na stesheni. Nimempa Kozue kadi yenye majibu kumi ya kumwambia ofisa. Nimemweleza kwamba huo si uongo, ni maandalizi. Akasoma la kwanza kwa sauti, meza ya jirani ikageuka.

"'Baba hupenda kunisikiliza nikipiga kinanda.' Baba, kinanda niliacha darasa la pili."

Nikauliza siku hizi anafanya nini. Mpira wa mikono, amesema. Mlinda lango. Mlinda lango! Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Akanirudishia kadi, ina doa la mchuzi, akaendelea kula. Wali anauanzia pembeni, kama alivyofanya marehemu mama yangu. Tulikwenda darajani kuhesabu treni, kama kawaida yetu. Kumi na moja.

Alhamisi, 11 Juni

Ofisa ni Bi Tachikawa. Mpole, soksi za kijivu, kalamu haipumziki. Akauliza samaki wanaitwaje. Moja na Mbili, nikasema. Bi Iwakura akapaza sauti kutoka ngazini kwamba yule mkubwa anaitwa Kiku na hajala tangu jana!

Halafu mto. Nilikuwa nimeutarizi jina la Kozue kwa uzi mwekundu, vidole vinne vimetoboka. Akaubonyeza, ukachakarika. Umejazwa nini?

Maganda ya soba, ile nafaka ya tambi, nikamwambia kwa fahari. Daraja la kwanza.

Kalamu ikasimama. Akafungua faili. Kozue ana mzio wa soba. Vuli iliyopita alivimba koo, akakimbizwa hospitali kwa ambulensi. Mama yake alimwandikia baba siku hiyo hiyo.

Nikaitafuta simu. Ujumbe upo. Nilisoma mistari miwili ya salamu, nikajibu kwa alama ya kidole gumba.

Kidole gumba!

Nimeutupa mto dirishani. Bi Iwakura amelalamika. Bi Tachikawa akaniletea maji katika kikombe changu mwenyewe. Alipoaga, akaniuliza Jumapili huwa tunafanya nini. Nikamwambia tunahesabu treni. Hapo aliandika sana.

Alhamisi, 9 Julai

Mahakamani. Wasuluhishi wawili, mzee mmoja na mama mmoja. Natsue akitoka, mimi naingia. Wakanisomea maneno ya Kozue kwa ofisa: "Baba hajui kudanganya, masikio yake huwa mekundu. Lakini hajawahi kukosa kuja. Hata siku ya theluji kubwa alikuja kwa miguu. Alichelewa kwa saa mbili."

Nikaomba leso. Mzee alikuwa nayo tayari.

Ulezi wa pamoja: bado. Lakini Natsue mwenyewe amependekeza Jumapili mbili kwa mwezi. Sharti moja: ujumbe wake wowote kuhusu mtoto niusome na niujibu ndani ya siku mbili. Nikiweza mwaka mzima, hatapinga tena.

Alinisubiri kwenye lifti.

"Baba Kozue, nakuomba hilo tu. Usiniangushe."

Nikaapa. Masikio sijui yalikuwaje.

Jumamosi, 11 Julai

Ujumbe wa kwanza umeingia saa nne asubuhi. Mrefu ajabu! Siku mbili za nini? Nimejibu kwa sekunde nne: Nakubali kwa moyo wote!

Mara Kozue akapiga simu, sauti juu kwa furaha. Mama yake alidhani ningehitaji siku zote mbili kufikiri. Nikamwambia baba halisi hafikiri. Akauliza mlimani nitapanda na viatu gani. Vya kawaida, nikasema. Mlima upi? nikajiuliza.

"Na wewe na Mjomba Masanobu mtalala hema moja, kweli?"

Kabla sijajibu, ujumbe wa pili wa Natsue ukaingia, mrefu kuliko wa kwanza. Unaanza hivi: "Una hakika umesoma..."

Nimejibu: Hakika kabisa!

Sekunde tatu.