Filamu ya Choo Ilivyompa Edrine Jina

Jumatatu, 3 Februari

Siku njema sana. Imeanza vibaya lakini imenyooka.

Vibaya kwanza. Televisheni ya kibanda changu cha video imeongeza mstari mwingine wa kijani. Sasa kila mwigizaji anaonekana kama amefungwa jela. Wateja wamenung'unika, kisha wakavuka barabara kwenda kwa Edrine. Edrine! Amekuja hapa Gudele, Juba, juzi juzi tu kutoka Mbarara, Uganda, akafungua kibanda mkabala na changu, akaweka viti vya plastiki vyenye migongo. Mimi nina mabenchi. Hata mke wangu Milly, aliyekuwa akikaanga chapati mlangoni kwangu, amehamishia jiko mlangoni kwake. Nilimuuliza kama huo ndio upendo. Akasema upendo uko nyumbani, wateja wako ng'ambo.

Lakini Edrine hana sauti. Yeye ni wa mpira tu, anabonyeza kitufe na kukaa. Mimi ni viijei. Filamu ikicheza nashika kipaza sauti na kuieleza kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Kila mtu nampa jina, kila ngumi naipa sababu yake. Mimi mtoto wa Busia, maneno nimezaliwa nayo.

Sasa jema. Jioni amekuja Arkangelo, afisa wa shirika moja la afya, kijana mpole mwenye viatu visafi. Anatafuta kibanda kimoja hapa Gudele cha kuonyeshea dokumentari, yaani filamu za watu wa kweli na mambo ya kweli, ili jamii ifunguke macho. Kibanda kitakachochaguliwa kitapewa projekta mpya na kitambaa cheupe cha ukutani. Ataanza kwangu Alhamisi, kwa majaribio. Watu wakija na wakaelewa, projekta ni yangu. Wasipoelewa, atavuka barabara.

Hatavuka. Naenda kulala nikitabasamu.

Jumatano, 5 Februari

Arkangelo ameleta filamu kwenye flashi. Inahusu choo. Nilitarajia angalau simba.

Nimeitazama. Kijiji kando ya ziwa, nchi siijui, lugha siijui, maandishi ya Kiingereza yanapita chini mbio mbio. Mzee mmoja mwenye tumbo na kofia amekataa kuchimba choo. Anasema kichaka cha baba yake kinamtosha. Muuguzi anamsihi, yeye anamfukuza kwa fimbo. Jeuri kweli kweli.

Hapo wazo likanishukia. Tumbo lile! Kofia ile! Ni Edrine mtupu. Na jina la yule mzee nani analijua hapa? Mwenye kipaza sauti ni mimi. Kesho mzee ataitwa Edrine. Gudele nzima itamchukia Edrine, na vile viti vyake vya plastiki vitakaliwa na kuku.

Nikazima. Milly akauliza kama nimeitazama hadi mwisho. Nikamwambia, Mama Kisakye, nimekuwa nikitafsiri filamu tangu hatujaoana, mwisho naujua. Mtu mbaya hufa. Huyu nadhani ataliwa na mamba, maana ziwa liko karibu.

Alhamisi, 6 Februari

Kibanda kimefurika. Waliokosa benchi walisimama. Arkangelo amekaa nyuma na kalamu yake, na mimi nimevaa shati la harusi.

Nilianza kwa moto. Mzee nilimpa sauti nene ya Edrine na kile kikohozi chake. Nikamtangaza: huyu hapa Edrine, adui wa choo, asiyesikia la mtu. Watu wakacheka. Vizuri. Wakazidi kucheka. Hapo ningeshtuka, lakini kipaza sauti kikiwa mkononi sishtuki. Muuguzi alipomwambia achimbe, nikamjibia mzee kwamba akiwa kichakani anaona ziwa lote, chooni ataona nini? Makofi! Mama Nyakuon, muuza makaa, aliyekuwa benchi la mbele, akasema huyu Edrine iko na maneno. Walitakiwa wamchukie. Wakaanza kulitaja jina lake kama vile wanashangilia bao.

Halafu mwisho. Hakuna mamba.

Mke wa mzee akapata kipindupindu. Mzee akambeba kwa baiskeli hadi zahanati, analia, kofia imeanguka njiani. Hata mimi nikasahau kutafsiri. Mke akapona. Mzee akarudi kijijini, akashika sururu, akachimba choo chake, kisha cha jirani, kisha cha yule muuguzi aliyefukuzwa kwa fimbo. Nikaona hatari. Nikaamua kumwua. Nikatangaza kwamba Edrine alikwisha kufa, haya ni ndoto ya mjane. Mama Nyakuon akageuka. "Wewe Fulgensio," akasema mbele ya watu wote, "maiti iko nachimba choo?" Nikamfufua.

Mwisho kijiji kizima kikamwimbia yule mzee. Kibanda nacho kikaimba. Edrine, Edrine! Ndani ya kibanda changu, kwa jenereta yangu.

Arkangelo akauliza maswali. Wameyajibu yote, choo, sabuni, maji ya kuchemsha, hawakukosa hata moja. Kijana wa watu alikuwa anang'aa kwa furaha. Tayari nilikuwa nachagua pa kuitundika projekta. Ndipo Mama Nyakuon akainua mkono, akauliza choo cha kibanda hiki kiko wapi.

Nikasema kiko njiani. Wote wakageuka kuutazama ukuta wangu wa nyuma, ambao wanaume wa mtaa huu wanaujua vizuri.

Ijumaa, 7 Februari

Edrine amekuwa mtu mashuhuri na hajui kwa nini. Waendesha boda wanampigia honi. Mwanamke asiyemjua amempa mkono kwa mikono miwili. Alifikiri ni kwa sababu ya viti. Milly amemwekea yai la ziada kwenye chapati, na nilipomuuliza akasema mtu aliyembeba mkewe kwa baiskeli anastahili yai. Nikamkumbusha kwamba baiskeli ile nilimpa mimi kwa mdomo. Akasema basi na mimi nimbebe siku moja, tuone.

Arkangelo amekuja. Habari nzuri, shirika limefurahi mno, sauti yangu ni hazina. Habari nyingine ni kwamba hawawezi kutundika projekta ya filamu za choo kwenye kibanda kisicho na choo. Amenipa hadi Jumamosi ijayo. Nikamwambia kweis, vyema, hiyo kazi ndogo.

Kuchimba shimo Februari, Juba! Ardhi ni kama chuma. Lakini nimewaza. Mtu akipita barabarani anaona nini cha choo? Shimo haoni. Anaona mlango.

Jumapili, 9 Februari

Nimejenga mlango.

Na mabati ya pande zote, na paa dogo, na kufuli kubwa. Nimeandika CHOO kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka kuliko za hospitali. Ndani ni udongo mtupu, lakini ndani hakumhusu mtu. Watu waliotoka kanisani walisimama kutazama. Mzee mmoja alinipongeza. Nimejisikia raha mwili mzima.

Kisha akaja Mama Nyakuon. Amebanwa. Akaomba ufunguo. Nikasema uko na fundi. Fundi yuko wapi? Mtaa wa Hai Cinema, mbali. Akasema filamu yangu imemfundisha kwamba kichaka ni ugonjwa, kwa hiyo kichakani haendi, na Hai Cinema hafiki. Akazunguka nyuma, akasukuma bati, likalala chini. Akaingia. Kisha nikasikia kicheko. Alicheka hadi akakaa chini, halafu akainuka haraka akakimbilia kwa jirani.

Habari zilikuwa zimefika mbali hadi Bilpam kabla mimi sijafika nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Hakuna aliyekuja. Nimeweka filamu bora ya vita niliyonayo, nimepaza sauti hadi mishipa ikasimama. Amekuja kijana wa jirani, Dhieu, peke yake, naye alitaka kuchaji simu.

Nilipomuuliza kulikoni akasema bila ubaya kwamba watu wanasema hawawezi kufundishwa choo na mtu wa mlango. Ndivyo wanavyoniita sasa. Mtu wa Mlango. Nimeumia, sitaficha. Kibanda hiki nilikijenga kwa mikono yangu, nikakaa humu wakati wageni wenzangu wamerudi kwao, na leo nilikuwa nawasimulia mabenchi.

Nikachukua sururu nikaenda nyuma. Nimechimba kwa hasira tangu mchana hadi jua linapungua. Mpini umevunjika, viganja vimetoka malengelenge. Shimo linamtosha kuku, akikunja miguu.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya maajabu! Niko kitandani na bado siamini.

Asubuhi Edrine amevuka barabara. Nikajua amekuja kunipiga, nikatafuta pa kusimama. Alikuwa na sururu begani na waendesha boda nyuma yake. Kumbe alichoka kusifiwa asichokijua, akaenda kwa Arkangelo akaonyeshwa ile filamu. Yote, hadi mwisho. Akalia. Akaniambia kwa heshima ya kwao, "Ssebo, watu naniita huyu mzee kila siku. Mimi iko naona aibu. Mimi sijachimba kitu." Kwa hiyo amekuja kuchimba, na ameanza kwangu kwa sababu, kwa maneno yake, kwangu ndiko shida imezidi.

Nilikuwa na la kumjibu. Lakini alikwisha kuanza kupiga ardhi, nami nikaona si vizuri kumkatiza mtu kazini.

Ikawa bora zaidi. Arkangelo akaja na mpiga picha wa shirika, Nyaruot, binti aliyelelewa Nairobi, kamera kubwa begani. Anatengeneza dokumentari mpya, ya hapa hapa Gudele! Nikakimbia kuvaa shati la harusi. Nikaleta kiti changu kizuri, nikakiweka kivulini mahali penye mwanga mzuri, nikakaa. Nyaruot akaniuliza kwa nini kibanda hakikuwa na choo miaka yote hii. Nikamjibu kwa utulivu kwamba mambo makubwa hayataki haraka. Nimezungumza muda mrefu sana. Nimeeleza utoto wangu. Nyuma yangu wale walikuwa wanachimba, Edrine amebaki kichwa tu juu ya ardhi, kisha kofia tu, kisha vumbi. Mama Nyakuon aliwaletea maji ya kuchemsha. Milly aliwapikia wote chapati na mayai. Mimi nilipata iliyoungua, lakini katikati ya mahojiano mtu hasikii njaa.

Nyaruot alinishika mkono mwishoni. Akasema, "Wewe ni content tupu, brathe." Sikuelewa yote lakini alikuwa anacheka, kwa hiyo ni sifa.

Jumamosi, 15 Februari

Choo kimekamilika. Kirefu, kina sakafu, kina dumu la maji lenye bomba na sabuni iliyofungwa kamba. Na mlango ni ule ule wangu! Nimewaambia watu wote: kama si mimi, kingekuwa wazi. Mama Nyakuon amekifungua rasmi. Amekaa humo muda wa kutosha, akatoka, akasema kalas, basi, hiki ni choo.

Arkangelo ametundika projekta kwa mkono wake. Kwangu! Kitambaa cheupe ukuta mzima, hakuna hata mstari mmoja wa kijani. Nilipotazama ule mwanga machozi yalinitoka na sikujali nani anaona. Watu wamerudi. Milly amerudisha jiko mlangoni kwangu, ingawa amesema ni kwa sababu ya choo. Edrine ameteuliwa kuwa mjumbe wa usafi wa Gudele, wamempa fulana. Mimi sina kinyongo. Ameleta hata viti vyake vya plastiki ili watu watoshe.

Kesho jioni tutaonyesha dokumentari ya Nyaruot, mara ya kwanza kabisa. Nyaruot ameniachia flashi, akanisihi niicheki yote kwanza kabla watu hawajaingia. Milly naye, sijui ameambiwa na nani, anasema nimo sana, nimekaa tu kwenye kiti mwanzo hadi mwisho wakati Edrine anachimba, na eti jina la filamu ni Mtu wa Mlango. Anasema Baba Kisakye, tafadhali, itazame.

Ya nini? Nilikuwepo. Na hata kama ni kweli, mwenye kipaza sauti ni nani? Nimekwisha kuyapanga. Yule anayechimba nitamwita Fulgensio. Yule wa kwenye kiti nitamwita Edrine, nimpe na kile kikohozi. Watu wa Gudele husikiliza sauti, sura hawana habari nayo.

Nimemwekea Edrine kiti cha mbele kabisa, na pembeni yake Mama Nyakuon.