Ng'ombe wa Matundu Mawili

Jumatatu, 5 Machi 1951
Mzee Muli, babake Nthenya, amekubali posa yangu! Jumamosi atapokea ng'ombe wangu. Sharti moja tu: awe amechanjwa sotoka, na sikioni awe na tundu la wachanjaji kama wale wake wawili. Anasema sotoka ilifagia zizi lote la babake, hata ndama hakusazwa. Nimeapa.

Jumanne, 6 Machi
Balaa! Ng'ombe akichanjwa hatoki zizini wiki tatu. Na Joash, yule wa baiskeli mpya, anapita kwa kina Nthenya asubuhi na jioni, eti anatafuta mayai. Chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Alhamisi, 8 Machi
Mimi tarishi, lakini akili ni ya bwana mkubwa. Nimebeba mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi, kotini, kutoka mjini hadi zizini kwangu Kabiria. Ng'ombe kanipiga teke la goti. Kumbe mashine hutoboa mawili kwa mpigo! Haidhuru.

Jumamosi, 10 Machi
Mzee Muli alishangaa: mbona mawili? Nikamwambia huyu kachanjwa mara mbili, kwa heshima ya mkwe. Akaniita mwanangu. Chai ilikuwa tamu mno.

Jumapili, 18 Machi
Ng'ombe wangu anatokwa machozi, mdomo una vidonda, anaharisha. Wale wawili wa Mzee wanacheua tu. Nthenya anamnywesha maji kwa kiganja. Siwezi kutazama.

Jumamosi, 24 Machi
Amekufa. Aliponiona alijaribu kusimama. Nimemuua mimi. Daktari wa mifugo alishika sikio, akauliza ni nani aliyetaka kumtia ng'ombe kwenye faili. Nikakiri. Mzee Muli hakunigombeza. Aliingia ndani. Afadhali angenichapa. Nthenya alilia, kisha akaniombea kwa babake nafasi moja, ya mwisho.

Jumanne, 10 Aprili
Mjomba Mwendwa wa Kawangware amenihurumia, kanipa mtamba wake. Leo nilimpeleka mwenyewe kwa wachanjaji, kwa moyo mweupe kabisa. Foleni ndefu, jua kali, halafu zile wiki tatu zao. Joash akapita na trei ya mayai, anapiga mluzi.

Nikageuza na mtamba kabla ya zamu yetu. Nthenya aliniuliza kama mtamba amechanjwa. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona sikio ni zima. Nikamwambia siku hizi wanachanja bila kutoboa.