Malalamiko Juu ya Kompyuta Inayonitoa Dirishani

Makandana, Tukuyu
Alhamisi, 9 Machi 2006

Fundi Fulgence mpendwa, huko Mbeya,

Amani ya Bwana ikukute na kikombe cha chai mkononi.

Ile kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa Linux uliyotufungia ofisi ya kanisa ni nzuri sana. Ila umeme ukikatika ukarudi, imeshasahau njia ya mtandao ya kupelekea barua. Nyimbo zote za kwaya inazikumbuka, njia haikumbuki! Anayejua amri ya kuirudisha ni mmoja tu, uliyemfundisha mwenyewe: Felista wa zahanati ya jirani, mke wa mwanangu Lugano. Sasa wewe ni mgeni huku, ngoja nikunong'oneze: kwetu Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mchungaji anasema Injili imetuweka huru. Sawa, lakini mama yangu yu hai bado, na macho yake ni mazima.

Basi nalalamika hivi:

1. Ofisi ina mlango mmoja. Felista akiingia mlangoni, mimi natokea dirishani, nikimwachia kikaratasi: "Rudisha njia." Jumatatu pekee umeme ulikatika mara tano. Fundi, mimi si mwembamba. Obed muuza ndizi amehamishia genge lake nyuma ya ofisi, ananiita Yona, na wateja wamemwongezeka.

2. Nangojea migombani, na mvua ya Tukuyu unaijua. Nimepata kikohozi. Nikaenda zahanati, anayetoa dawa ni nani? Felista. Nikatokea dirishani huko nako.

3. Majina ya wanakwaya thelathini na wawili yasipofika kwa barua pepe kabla ya Jumamosi, tamasha la Kyela hatuendi. Nachapa kwa kidole kimoja. Nikifika jina la mwisho, umeme pu! Vitenge vimeshashonwa. Mke wangu Pudensiana, sauti ya kwanza, ameahidi mbele za Bwana kwamba tusipokwenda nitalala hapo hapo dirishani.

Naomba kwa unyenyekevu: ifundishe kompyuta kukumbuka. Ikishindikana, njoo utoboe mlango wa pili. Hilo nalo likishindikana, tangaza kwamba kompyuta ni mkamwana wangu wa pili, tukwepane nayo kihalali.

Wasalimie mama watoto, watoto, na majirani wote wanaokuvumilia. Sisi wazima, tukiacha kikohozi.

Wako katika Bwana,
Andongwisye, karani na mzee wa kanisa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Pudensiana alimsomea Felista barua hii. Felista akarudisha kikaratasi: "Baba, shikamoo. Njia huandikwa mara moja kwenye faili, inadumu. Ni dakika mbili. Fundi alinifundisha siku ile ile. Lakini kila mara uliandika nirudishe njia. Hukuandika niiache idumu." Fundi, nikachukua kikaratasi kingine. Nikaandika: "Iache idumu, mwanangu," nikatoka dirishani. Umeme umekatika mara tatu tangu hapo, kompyuta inakumbuka, na majina yamekwenda. Usije na nyundo. Tatizo limebaki moja: jioni hii umeme ulipokatika, nilishtukia niko migombani, na Obed anapiga makofi.