Safari ya Tisa na Kidaftari cha Wifi

Jumamosi, 8 Juni

Meli! Sitaha kumi na mbili, nyeupe pe, imetulia gatini utafikiri inanisubiri mimi peke yangu. Hii ni safari yangu ya tisa ya meli ya kitalii na moyo bado unanidunda kama wa bibi harusi. Wateja wangu wananijua. Mwaka mzima nakata na kushona mapazia dukani, Juni ikifika napanda meli. Nina kundi la simu lenye watu mia na arobaini ninaowapa maujanja ya safari. Wananiita Nahodha. Sawa, jina nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga.

Ila mwaka huu nina mtihani. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu aliyewahi kutapika kwenye bembea ya watoto. Hakanyagi meli hata kwa dawa. Amesema amechoka kubaki peke yake kila Juni na anataka kujua ninafuata nini huko majini. Hataki ugomvi. Amemtuma dada yake mkubwa asafiri nami, akirudi alete ripoti. Ripoti ikiwa nzuri, nitaendelea kusafiri. Ikiwa mbaya, hii ndiyo ya mwisho. Furaha yangu yote imewekwa mikononi mwa wifi! Wala si wifi wa hivi hivi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na mmoja ya chaki. Amekuja na kidaftari chekundu na kalamu nyekundu. Alianza kuandika tukiwa bado kwenye teksi.

Mpango wangu: nimpe wifi maujanja yangu yote arobaini na saba, nisimbakizie hata mmoja. Atafurahi, apende asipende.

Ujanja namba moja haukwenda vizuri. Meli hairuhusu abiria kuja na pasi, wanaogopa moto. Mimi siwezi kwenda kwenye chakula cha jioni na gauni lenye makunyanzi. Kwa hiyo niliiviringisha pasi kwenye taulo na kuitia kwenye sanduku la wifi, maana nani atamshuku mwalimu mkuu? Mashine ilimshuku. Saa kumi alasiri kipaza sauti kikamwita kwa jina lake kamili, abiria elfu mbili wakisikia, aende ofisi ya usalama. Nikamsindikiza. Ofisa akamwuliza kama pasi ni yake. Wifi akajibu kwamba yeye hajagusa pasi tangu alipostaafu. Wote wawili wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini chini yetu hakukuwa na ardhi. Kulikuwa na chumba cha kufulia, ambacho, ofisa alinieleza, kina pasi sita kwa ajili ya abiria.

Wifi aliandika mistari minne. Niliihesabu kutoka mbali.

Jumapili, 9 Juni

Siku mpya, ujanja mpya. Viti! Kila msafiri mzoefu anajua kwamba vita vya meli ni viti vya kujilaza kando ya bwawa. Saa mbili asubuhi vimeshakwisha. Nikamwamsha wifi saa kumi na moja alfajiri. Akauliza kama meli inazama. Nikamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akasema yeye hataki cha uvunguni, anataka kulala. Lakini alikuja.

Tukapata viwili vizuri kabisa, mstari wa mbele. Ili kuonyesha kwamba vina wenyewe nikaweka taulo, ndala, kitabu na miwani ya wifi ya kusomea. Miwani ndiyo siri yenyewe. Watu huthubutu kusogeza taulo, miwani hawaigusi. Kisha tukaenda kunywa chai, na mimi kwenye bufee huwa sina haraka.

Kumbe kuna sheria mpya. Kitu kikikaa kitini nusu saa bila mtu, wahudumu wanakiondoa. Tuliporudi, kwenye viti vyetu walilala vijana wawili wamejipaka mafuta. Vitu vyetu vimepelekwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo yuko zamu ya kesho.

Wifi bila miwani haoni hata kidole chake. Nikasikitika mbele yake. Moyoni nikacheka, maana asiyeona haandiki! Siku nzima bila ripoti!

Furaha yangu ilidumu mpaka chakula cha mchana. Mezani petu anakaa mzee mmoja, daktari wa meno mstaafu, ambaye kampuni ya meli imempa beji kwa kila safari aliyosafiri. Anazo kumi na nne, kazipanga kifuani kama jenerali. Namwita Bwana Beji. Mimi ninazo nane tu, na namba hiyo inaniuma. Nilimweleza kwamba nikijumlisha na mara zote nilizovuka ziwa kwa kivuko cha magari, ninafika ishirini. Akasema pongezi, akaendelea kula supu. Kisha wifi akamweleza habari ya miwani yake, na Bwana Beji akajitolea kumwandikia. Ana mwandiko mzuri kuliko cherehani yangu. Wifi akawa anasema, yeye anaandika, mimi nimekaa katikati yao napitisha chumvi.

Walifika ukurasa wa tatu.

Jumatatu, 10 Juni

Miwani imerudi. Na leo tumetia nanga!

Abiria wageni hushuka na kupanda mabasi ya matembezi yaliyopangwa na meli. Huo ni ushamba. Ujanja namba kumi na tisa: ukishuka gatini, angalia umati unakokwenda, kisha wewe nenda upande mwingine. Huko ndiko kwenye mji wenyewe. Wifi akauliza kama nimewahi kufika bandari hii. Nikasema sijafika, lakini bandari zote ni ndugu.

Tukatembea dakika arobaini. Jua kali. Kulia ukuta, kushoto ukuta. Nikamwambia wifi avute subira, mambo mazuri yako mbele. Mbele kulikuwa na bohari la saruji. Mlinzi wa bohari, mama wa makamo, alitushangaa sana. Akasema tangu aanze kazi pale hajaona mtalii, isipokuwa mmoja aliyekuwa mgonjwa. Akampa wifi kiti chake na maji ya kunywa. Wakaanza kuzungumza kuhusu binti yake anayerudia mtihani wa hesabu, na wifi akamwandikia kwenye karatasi namna ya kumsaidia. Mimi nilisimama nikipiga picha mifuko ya saruji kwa ajili ya kundi langu.

Kutahamaki, saa tisa na nusu. Meli inang'oa nanga saa kumi! Mlinzi akasimamisha lori la vitunguu lililokuwa linakwenda gatini. Nafasi mbele ilikuwa ya mtu mmoja, na wifi ni mkubwa wangu. Nikapanda nyuma. Tulifika wakiwa wameanza kukunja kamba. Bwana Beji alikuwa ameegemea reli ya sitaha, kofia kichwani, anatupungia mkono. Alisema yeye hakushuka kabisa. Ujanja wake ni mmoja tu: kukaa akatulia. Wifi akaomba aurudie ule ujanja, ili yeye auandike.

Ninanuka vitunguu. Nimeoga mara tatu.

Jumanne, 11 Juni

Bahari imechafuka. Meli inapanda na kushuka. Wageni wamekunja nyuso, mimi natabasamu, kwa sababu nina tufaha la kijani. Mabaharia wote wanajua tufaha la kijani linazuia kichefuchefu. Nilikula moja saa moja asubuhi. La pili saa mbili. Nikapita mezani kwa watu nikiwagawia na kuwaeleza kwamba katika safari tisa sijawahi kuugua hata siku moja.

Saa tatu nikaugua.

Sitaeleza zaidi. Nilikumbatia ndoo mpaka jioni. Nilimwomba Mungu meli isimame, kisha nikamwomba isisimame, maana ikisimama huyumba zaidi. Mhudumu wa chumba alinikuta nimelala sakafuni akaniuliza kama hii ni safari yangu ya kwanza. Ya kwanza!

Wifi je? Mzima kama kigingi. Hakula tufaha. Aliamka saa nne, akanywa uji, akacheza dhumna na Bwana Beji na mke wake, akashinda, akaenda kusikiliza bendi, akarudi anaimba. Sijawahi kumsikia wifi akiimba. Miaka ishirini na miwili nimeolewa katika ukoo ule, sikujua kama ana sauti. Akanifunika shuka, akaniambia kwamba leo ameelewa kwa nini ninapenda meli.

Nililia kidogo pale kitandani. Kwa furaha, na kwa tumbo pia. Maujanja yangu yameanza kufanya kazi!

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka mzima na nina wasiwasi. Kesho tunashuka. Wifi anasema ameelewa, lakini kidaftari kinasemaje? Alipokwenda kuoga nikakifungua. Mtu anayehukumiwa ana haki ya kuona mashtaka.

Jumamosi: pasi. Jumapili: kuamshwa, miwani. Jumatatu: saruji, lori. Jumanne, kwa herufi kubwa: SIKU NZURI SANA. Peke yangu. Hapo "peke yangu" palipigiwa mstari. Nikafikiri sana kuhusu mstari ule. Nikaamua kwamba alikuwa anajaribu kalamu.

Hata hivyo, tahadhari si woga. Nikachukua kalamu yake nyekundu, nikaiga mwandiko wake na kuongeza ukurasa mmoja mwishoni. Niliandika kwamba wifi yangu, yaani mimi, ni nguzo ya safari, ni mwingi wa busara, kila abiria anamheshimu, na kumnyima meli itakuwa ni kumwonea. Nikakirudisha mahali pake. Nikajikausha.

Baada ya chakula cha jioni wifi akaniwekea kidaftari mapajani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wangu. Ameusahihisha. Mbili juu ya kumi. Pembeni ameandika: "Madai mengi, mifano hakuna. Rudia." Nilimwomba radhi. Akasema ametoka mbali na watoto wa namna yangu, na wengi wao walikuja kuwa watu wazuri tu.

Sikurudia. Mifano nilitafuta, sikuipata.

Alhamisi, 13 Juni

Tumeshuka. Ujanja wa siku ya mwisho: funga mizigo yako yote mapema jioni, uiweke nje ya mlango, wapagazi waichukue, asubuhi ushuke mikono mitupu kama malkia. Nilifunga yote. Yote kabisa. Asubuhi nilibaki na gauni la jana, lile la kumetameta, na ndala za bafuni za meli. Nimeteremka ngazi saa mbili asubuhi nikimetameta. Mume wangu alikuwa anatusubiri chini. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akauliza kama kulikuwa na sherehe. Wifi akasema ataeleza yote Jumapili. Siku tatu za kusubiri! Heri nirudi kwenye ndoo.

Jumapili, 16 Juni

Ripoti imesomwa. Sebuleni, baada ya chakula cha mchana, mume wangu kwenye kochi, mimi nimekaa wima kama mtoto aliyeitwa ofisini. Wifi akavaa miwani.

Alisoma yote. Pasi, viti, vitunguu, ule ukurasa wangu pia, pamoja na alama. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikatazama mapazia. Kisha wifi akafika kwenye hukumu. Akasema meli ni jambo zuri. Akasema hajapumzika vile tangu azaliwe, na mtu anayenyimwa kitu kama kile anaonewa kweli. Nikaruka! Nikamkumbatia! Nikamwambia mume wangu si nilisema!

Wifi akaniambia niketi, hajamaliza. Akasema meli haina kosa lolote. Kosa ni maujanja. Basi yeye amekwishachukua chumba cha watu wawili kwa safari ya Agosti, yeye na mdogo wake. Nikauliza mdogo wake yupi. Akamnyooshea kidole mume wangu.

Mume wangu! Nilimbembeleza miaka ishirini na miwili. Nilimpikia, nilimnunia, nilimwonyesha picha. Leo anakwenda kwa sababu dada yake amemwahidi kwamba hakuna atakayemwamsha. Amesema nisijali, nipumzike dukani, atanitumia picha. Imeniuma. Nimekwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Lakini nimekaa nikatafakari, na sasa nimeelewa. Wifi hakuyakataa maujanja. Hakuyapata yote! Tulifika ujanja wa ishirini na sita tu, bahari ikatuharibia ratiba. Na wale wawili peke yao, mmoja hawezi kuona bila miwani, mwingine hawezi hata bembea, nani atawaelekeza? Nimepiga simu ofisi ya meli na kutumia jina langu la ubinti. Mwanamke aliyepokea alikuwa mwema sana. Chumba kinachopakana na chao kilikuwa bado wazi, na sasa ni changu. Kina mlango wa katikati wa kuingilia kwao.